Samaki wa Nchi Kavu

Husimuliwa katika Ugogo kwamba zamani tembo mmoja alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, akazama mbele ya macho ya watu. Nao wakasema kwa lugha yao, idodomya, yaani amezama. Mahali pale pakaitwa hivyo, na kwa mabadiliko ya ndimi jina likawa Dodoma. Wasimulizi hawapatani katika kila neno la kisa hiki, kama ilivyo desturi ya visa vya majina ya miji, lakini wote hupatana juu ya tope. Ni jambo la kustaajabisha kidogo. Mji unaotajwa kote kwa ukame wake, mji ambao mvua yake ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, ulipata jina kwa maji na matope yaliyoweza kummeza mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu.

Mgeni apitaye Dodoma katika mwezi wa Septemba huona mibuyu iliyopukutika majani, vichaka vya miiba, vumbi jekundu, na mito ambayo ni michanga mitupu. Mgeni huyo akiambiwa kwamba nchi hii ina samaki, na kwamba baadhi ya samaki wake hawapatikani mahali pengine popote duniani nje ya Tanzania, yamkini atadhani anafanyiwa mzaha. Walakini ni kweli. Kama ilivyo kweli nyingi za nchi kavu, kweli hii hujificha miezi mingi na kujionyesha miezi michache. Na kitu kinachojificha ni rahisi kuharibiwa na mtu asiyejua kwamba kipo.

Kwanza yafaa ijulikane maji ya uwanda huu huenda wapi. Mkoa wa Dodoma umekaa juu ya mgongo unaogawa maji pande tatu. Tone la mvua liangukalo upande wa mashariki huingia mto Kinyasungwe, likaenda Mkondoa na Wami, hata Bahari ya Hindi. Liangukalo upande wa kusini hufuata Kizigo na kuingia Ruaha Mkuu, na kwa njia ya Rufiji nalo hufika baharini. Lakini liangukalo kaskazini na magharibi, katika bonde la mto Bubu, halifiki bahari yoyote. Bubu huteremka kutoka pande za Kondoa, hupita Chemba, hufika Bahi, na hapo safari yake hukoma. Ardhi imebonyea kama sinia, haina mlango wa kutokea. Maji hutandaa, hukaa, hunywewa na jua. Jua la Dodoma laweza kukausha kina cha milimita 2,000 na zaidi kwa mwaka, ambacho ni zaidi ya mara tatu ya mvua yenyewe. Kinachobaki ni chumvi, udongo mweusi uliopasuka, na subira.

Sinia hilo ndilo Ziwa Sulunga, ambalo wengi hulitaja kwa jina la kinamasi cha Bahi. Kuliita ziwa ni kulipa heshima ambayo halistahili kila mwaka. Mwaka wa mvua nzuri maji hufunika mbuga hata upeo wa macho, heroe na ndege wengine wa maji hushuka kwa makundi, na wavuvi huja na mitumbwi mahali ambapo miezi michache nyuma palipita ng'ombe. Mwaka wa ukame ziwa hutoweka. Miaka mingine huja nusu, kama mgeni asimamaye mlangoni bila kuingia. Mtu aliyezoea Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa huliona jambo hili kuwa ni udhaifu; lakini samaki wa Bahi wameumbwa kwa desturi hiyo hasa, na ajabu yao yote imo ndani yake.

Mtazame kambale. Ana kiungo juu ya matamvua yake, chenye matawi kama kijiti kidogo, ambacho humwezesha kuvuta hewa kama ivutwavyo na wanyama wa nchi kavu. Maji yanapopungua na kuoza yeye hapotei upesi kama wengine. Hubaki katika dimbwi la mwisho, hujichimbia katika tope, na usiku wa mvua huweza kujikokota juu ya majani mabichi kutoka dimbwi moja hata jingine. Mvua kubwa ya kwanza ikifika, kambale hupanda kinyume cha mkondo, akaingia katika majani yaliyofunikwa na maji punde, akataga humo. Mayai hunata katika majani, na kwa siku moja au mbili huwa yameanguliwa. Mama hakai kulinda. Ulezi wote ameuachia majani.

Perege hufuata njia nyingine. Dume huchimba shimo la duara katika maji ya kina kifupi, hulifagia, hulilinda kama bwana harusi alindaye chumba chake. Jike hutaga hapo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake na kuyatunza humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Katika jamaa hii yumo mmoja, ambaye wataalamu wamempa jina la Oreochromis amphimelas, aliyezoea maji ya chumvi yasiyovumilika kwa samaki wengi. Makao yake duniani kote ni maziwa ya Tanzania yasiyo na njia ya kwenda baharini: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singidani, na huyu Sulunga wa Bahi. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1905, na leo ameingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Akitoweka katika maziwa haya machache, hapana pengine pa kwenda kumwomba.

Tena katika madimbwi ya mbuga za uwanda wa kati wamo samaki wadogo kuliko kidole, wa jamaa iitwayo Nothobranchius, ambao maisha yao hayazidi msimu mmoja. Huanguliwa mvua inapojaza dimbwi, hukua kwa haraka, madume hujivika rangi za kupendeza, hutaga katika tope, na dimbwi likikauka wote hufa. Mayai hubaki chini ya udongo mkavu kwa miezi, yakingoja. Mwenye jembe au trekta apitaye juu ya mbuga hiyo mwezi wa Oktoba hajui kwamba anapita juu ya taifa zima lililolala.

Katika mambo haya imo siri ambayo mara nyingi haisemwi. Rutuba ya ziwa hili hutoka katika ukavu wake. Maji yanapoondoka nyasi huota, ng'ombe wa Wagogo na wa majirani zao hushuka kulisha, na samadi yao hubaki ardhini. Mafuriko yakirudi, nyasi zilizooza na samadi ile huwa chakula cha viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Wadudu hula viumbe hivyo, na samaki wachanga hula wadudu. Ndiyo maana kinamasi kilichofurika baada ya ukame huweza kutoa samaki wengi kwa muda mfupi kuliko bwawa la maji yaliyotulia. Mchungaji na mvuvi, ambao katika mikutano ya vijiji hulaumiana kwa maneno makali, kwa kweli hulishana bila kujua. Si kila kwato ni adui wa samaki. Shida huanza ng'ombe wanapozidi, au wanapokosa mahali pengine pa kwenda, wakakanyaga kingo za maji mpaka zikawa tope tupu.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi jambo la kumlinda samaki wa nchi hii haliwezi kuanza kwa wavu, na pengine haliwezi kuanza majini kabisa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake hukataza kokoro, sumu, baruti na nyavu zenye matundu madogo. Ni sheria njema, na anayevua vifaranga kwa chandarua anastahili kuzuiwa. Lakini ofisa aliyekamata kokoro kumi na kuzichoma moto mbele ya watu, kisha akarudi nyumbani akidhani ameokoa samaki, amefunga dirisha hali mlango umeachwa wazi. Mlango huo uko juu, vilimani, siku nyingi za mwendo kutoka kwenye ziwa.

Wilaya ya Kondoa inajulikana kwa wasomi wa ardhi duniani kwa sababu isiyo ya kujivunia. Miteremko ya Irangi ilipokatwa miti na kulishwa kupita kiasi, udongo wake mwekundu uliteremka pamoja na mvua ukaacha makorongo marefu ambayo nyumba huweza kuzama ndani yake. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu kulima matuta, na kwa kuwa kazi ya kulazimishwa haina mwenyewe, mengi yaliachwa. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa ufupisho wa HADO, na mwaka 1979 ilitolewa amri iliyokuwa nzito kwa wenyeji: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, ambalo ukubwa wake ulikuwa kilomita za mraba 1,256. Zaidi ya mifugo 80,000 ilihamishwa. Familia zilizokula maziwa tangu mababu ziliamka zikakuta mazizi matupu. Baada ya miaka michache nyasi zilirudi, na baada ya nyasi vichaka, na baada ya vichaka miti. Mito ya michanga ilianza kuwa myembamba, na mashamba yakalimwa mahali palipokuwa mchanga. Baadaye ng'ombe walirejeshwa kwa masharti ya kufungwa zizini na kuletewa majani.

Katika vitabu vyote vya habari za HADO huzungumzwa udongo, nyasi, miti, mahindi na maziwa. Samaki hutajwa kwa nadra. Lakini maji ya Kondoa ndiyo maji ya Bubu, na Bubu ndiyo Bahi. Udongo uliokaa mlimani haukwenda kufukia mashimo ya perege. Mvua iliyonywewa na nyasi haikushuka kwa kishindo cha siku moja. Ilipenya ardhini na kutoka taratibu kwa majuma mengi, na kambale anayetaga katika majani anahitaji majuma hayo kuliko anavyohitaji kishindo. Mchungaji wa Irangi aliyetoa ng'ombe zake mwaka 1979 alilipa ada ya kulinda samaki ambao hakuwahi kuwaona, na hakuna aliyemshukuru kwa hilo. Hata leo hesabu hiyo haijaandikwa katika daftari la mtu.

Mambo ya namna hii yalipimwa pia karibu na mji. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa mkoloni mabwawa yalichimbwa katika Ugogo ili watu na mifugo wapate maji. Hombolo na Ikowa yote mawili ni ya mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao kutoka Sweden, walikwenda kupima matope yaliyokusanyika katika mabwawa manne ya Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi. Walichokuta ni kwamba mabwawa yalikuwa yakijaa udongo kwa haraka iliyotisha, na kwamba umri wa baadhi yake ungehesabiwa kwa makumi machache ya miaka tu. Bwawa ni chombo chenye ukweli usiopingika. Huandika katika tope lake kila kosa lililofanywa juu yake, kila mti uliokatwa, kila shamba lililolimwa kufuata mteremko badala ya kuukata. Samaki waliomo humo huishi juu ya maandishi hayo, na kila mwaka sakafu yao hupanda na dari yao hushuka.

Reli nayo ni shahidi. Baina ya Kilosa na Gulwe, njia ya reli ya kati hufuata bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, na mara nyingi mno maji ya Dodoma yameibomoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata safari za treni kwa muda mrefu. Tuta likivunjika, wahandisi huitwa, fedha hutafutwa, magazeti huandika. Ni maji yale yale, kutoka miteremko ile ile iliyo uchi, yaliyokwisha kufukia mazalio ya samaki siku nyingi kabla ya kufika kwenye reli. Lakini samaki hawana msemaji katika bajeti. Kama gharama ya kila tuta lililojengwa upya ingehesabiwa kuwa ni deni la mlima usio na majani, yamkini upandaji wa majani ungepata fedha nyingi kuliko unavyopata.

Kusini mwa mkoa, pale Dodoma inapopakana na Iringa, somo hili huonekana kwa kipimo kikubwa zaidi. Bwawa la Mtera lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyo chini yake, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kutoa umeme, uwezo wake ukiwa megawati 80. Likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na hufunika eneo la takriban kilomita za mraba 600. Chini ya mita 690 maji hayatoshi kuendesha mitambo. Hakuna mhandisi aliyelichora bwawa hilo kwa ajili ya samaki. Walakini samaki walikuja wenyewe kutoka mitoni, perege na kambale na wengine, na wavuvi wakawafuata kutoka karibu na mbali, na kambi za uvuvi zikawa vijiji. Walaji wa Dodoma na Iringa wakapata kitoweo ambacho baba zao walikijua kwa nadra.

Baina ya mita 690 na 698.5 ni mita nane na nusu tu. Kwa mtu asimamaye ukutani mwa bwawa ni tofauti ndogo. Lakini pande za nyuma ardhi ni tambarare, na maji yakishuka kimo hicho ukingo hurudi nyuma masafa marefu, na majani yaliyokuwa kitanda cha samaki hubaki juani. Perege aliyechimba shimo lake katika maji yafikayo magoti hujikuta nje ya maji. Kwa hiyo mkono unaofungua lango la bwawa ili taa ziwake mjini, huo huo huamua kama vifaranga wa msimu ule wataishi. Mkono huo hauna nia mbaya. Haukuambiwa tu.

Na maji ya Mtera nayo yanatoka wapi? Sehemu kubwa hutoka mbali, katika bonde la Usangu, ambako mito mingi ya milima ya kusini hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Ihefu ni kama bakuli lenye mdomo wa jiwe, mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakizidi mdomo huo humwagika na kuwa Ruaha Mkuu, yakiwa chini yake mto hukatika. Zamani mto ulipita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka katika miezi ya kiangazi. Viboko hujazana katika vidimbwi, mamba hulala katika tope, na samaki hufa kwa kukosa hewa, hata kambale mwenye mapafu yake ya akiba. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameongezeka, makubwa ya Mbarali na Kapunga na madogo mengi ya wakulima, na mifereji ilichukua maji hata katika miezi ambayo mpunga haukuyahitaji sana. Katika miaka ya 1990 na tena mwaka 2006 nchi ilipata shida kubwa ya umeme mabwawa yalipopungua, na hapo ndipo wakubwa wa mijini walipolijua jina la Ihefu.

Mwezi wa Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mjini London kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji pamoja na makundi yao walihamishwa kutoka Usangu, wengi wao wakapelekwa au wakaenda wenyewe mikoa ya kusini na pwani. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Hata baada ya hayo mto umeendelea kukatika. Haifai kusema kwamba jitihada ilikuwa bure, kwa maana kinamasi kilichoachwa kipumue huweza kupona. Lakini ni haki kusema kwamba lawama iligawanywa bila uwiano. Mwenye ng'ombe alionekana, kwa kuwa ng'ombe huonekana; mfereji ulioachwa wazi usiku kucha hauonekani. Mwenye kuhama alihama na watoto wake, na mwenye mfereji akalala.

Wapo wasemao kwamba dawa ya mambo haya ni kutia bei. Mwaka 1997 mtaalamu Robert Costanza na wenzake waliitangazia dunia kwamba huduma zinazotolewa na maumbile kila mwaka, kusafisha maji, kuzuia mafuriko, kulea samaki, kurutubisha udongo na nyinginezo, zina thamani ya takriban dola trilioni 33, hali mapato ya mataifa yote kwa wakati ule yalikuwa kama trilioni 18. Hesabu hiyo ilibishwa sana, na baadhi ya wabishi walikuwa na haki. Faida yake ilikuwa kuwazindua watu ambao hawasikii lugha nyingine isipokuwa ya fedha. Mtu aliyezoea kukiita kinamasi kuwa ni ardhi isiyo na kazi alilazimishwa kuuliza ni nani angemlipa mtu wa kuchuja maji yale, kulea samaki wale, na kuhifadhi mafuriko yale, kama kinamasi kingeondolewa.

Hata hivyo bei ina hatari yake, na wasomi wa nchi hii wafanye hadhari nayo. Kitu chenye bei huuzwa. Kinamasi kikishapimwa kuwa ni cha thamani kadha wa kadha, siku moja atakuja mtu mwenye fedha kuzidi hizo, naye atakuwa na hoja. Tena bei humpima mwenye kununua zaidi ya inavyokipima kitu. Kitoweo cha mjane wa Bahi akaushaye kambale juu ya moto na kuwauza kwa mafungu hakiingii katika hesabu za biashara ya nje. Samaki yule mdogo wa dimbwi, asiyeliwa na mtu, thamani yake sokoni ni sifuri. Ziwa Viktoria lilipandwa sangara katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 kwa hesabu ya faida, na faida ilipatikana, viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya. Katika faida hiyo aina nyingi za furu, ambazo wataalamu wengi huzikadiria kuwa 200, zilipotea au zilikaribia kupotea. Ngege, aliyekuwa fahari ya ziwa lile, akawa adimu. Hesabu haikuwa na makosa ya kujumlisha. Ilikuwa imeacha safu moja bila kuijaza.

Jambo hilo hilo, kwa namna ya kimya zaidi, linaendelea katika mabwawa. Sato, mzaliwa wa maji ya kaskazini, amesambazwa katika mabwawa na mabirika mengi ya Tanzania kwa sababu hukua upesi na hupendwa na walaji. Akitoroka au akipandikizwa katika mto hukutana na perege wa kienyeji, huzaana nao, na nasaba ya wenyeji huchanganyika mpaka isijulikane. Wataalamu wamekwisha kuuona mchanganyiko huo katika maji ya Tanzania kwa vipimo vya nasaba. Ufugaji wa samaki wafaa kusifiwa katika mkoa wenye njaa ya kitoweo. Lakini mfugaji wa Dodoma angefaa kupewa perege wa mto uliopo karibu naye, na mwenye kumtia sato katika bonde la Bubu ajue kwamba upande wa chini anaishi samaki asiye na ndugu nje ya maziwa matano.

Sheria ya Tanzania, kwa maandishi, imekwenda mbele kuliko mazoea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 hukataza kazi za kudumu za wanadamu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 huagiza kwamba kabla maji hayajagawiwa wenye vibali itengwe akiba, kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mito na maziwa yenyewe. Neno hilo, akiba, ni zuri. Kila mama wa Ugogo anayeficha mtama wa mbegu katika mwaka wa njaa alijua maana yake kabla ya bunge. Mbegu hailiwi hata mtoto akilia. Mto nao una mbegu yake ya maji, na anayeigawa kwa kibali, hata kibali hicho kiwe na mhuri, amekula mbegu.

Neno hilo sasa linangojewa kupimwa katika bonde la Bubu. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikatangaza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu wameongezeka, visima vya Makutupora vilivyounywesha mji kwa miaka mingi vinaelemewa, na hakuna mtu wa haki awezaye kumnyima mwenye kiu maji kwa hoja ya samaki. Kwa ajili hiyo umekuwapo mpango wa Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, la kuzuia maji ya Bubu na kuyaleta jijini. Maji ya Bubu yakizuiwa Farkwa, yanazuiwa kabla ya Bahi.

Wahandisi hujua kukadiria ni kiasi gani cha maji kipite chini ya ukuta. Jambo gumu zaidi ni namna ya kuyapitisha. Kiasi kile kile kikiachwa kidogo kidogo mwaka mzima, kama bomba linalovuja, kingelowesha michanga na kuishia njiani bila kumfaa samaki hata mmoja. Kikiachwa kwa wingi katika mwezi wa Januari au Februari, pamoja na mvua, kingefika mbugani, kikafunika majani, kikamwita kambale apande na kuyaamsha mayai yaliyolala katika udongo. Tofauti ya mambo hayo mawili haimo katika ujazo wa maji bali katika kalenda, na kalenda hiyo haimo katika michoro. Wanayo wavuvi na wachungaji wa Bahi, wajuao mafuriko ya mwaka gani yalileta samaki na ya mwaka gani yalileta tope tu.

Wakati huo mbuga imekauka. Ng'ombe wanalisha juu yake, samadi inaanguka, nyufa zinapanuka, na chini ya nyufa, kwa kina cha kiganja kimoja au viwili, mayai yanangoja.